Wasomaji Wauliza: Sebule ya Ghorofani Ndani ya Ndege

Toleo lililopita tulichapa picha ya abiria waliokaa kwenye makochi ya duara ndani ya Boeing 747 ya miaka ya 1970, na nyuma yao ngazi ya kuzunguka. Barua zimemiminika, nyingi kutoka Malindi na Lamu. Zilizofanana tumeziunganisha.

Mhudumu wa hoteli mstaafu, Malindi: *Wageni wa Ulaya tuliowahudumia zamani walikuwa wakitusimulia kwamba walikunywa vinywaji ghorofani, ndege ikiwa angani. Vijana wa barazani kwetu hawaniamini. Ghorofa hiyo ilikuwepo kweli? Na kwa nini kwenye picha inaonekana mbele tu, haifiki mkiani?*

Ilikuwepo, mzee wetu. Vijana wakulipie kahawa.

Kuhusu kukaa kwake mbele, chanzo ni mizigo. Katikati ya miaka ya 1960, Juan Trippe, mkuu wa shirika la ndege la Marekani la Pan Am, aliitaka Boeing imtengenezee ndege itakayobeba watu mara mbili na zaidi ya ndege yake ya awali, 707. Fikra ya kwanza ilikuwa ndege ya ghorofa mbili kamili, kutoka pua hadi mkia. Joe Sutter, mhandisi mkuu wa 747 kule Boeing, na wenzake hawakuipenda. Watu wa ghorofa ya juu wangetokaje haraka kukiwa na moto? Na shehena ingepangwaje ndani ya vyumba viwili vyembamba?

Siku hizo wengi waliamini kwamba baada ya miaka michache abiria wote watahamia ndege zinazokwenda kasi kuliko sauti, na 747 itabaki punda wa mizigo. Kwa hiyo upana wake ulipimwa kwa kontena mbili za futi 8 kwa 8 zilizokaa ubavu kwa ubavu, na pua ikakusudiwa kufunguka ili shehena ndefu iingizwe moja kwa moja. Pua ikifunguka, rubani hawezi kukaa humo. Akapandishwa juu.

Sasa chumba cha rubani kikisimama peke yake juu ya mgongo, upepo unavurugika nyuma yake na ndege inavutwa nyuma. Dawa yake ni kuunyoosha mgongo ushuke polepole mpaka ulingane na mwili. Ndani ya mteremko huo ndimo nafasi ilimozaliwa. Boeing ilifikiria kuwapa wafanyakazi wa ndege wapumzikie. Trippe alipoiona kwenye kielelezo cha ukubwa kamili akasema hapana, hapa ni pa abiria. Ni kama ile nafasi inayobaki chini ya ngazi ya nyumba: hakuna aliyeipanga, lakini mwenye nyumba hakubali ikae bure.

747 iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, ikaanza kubeba abiria wa Pan Am kutoka New York kwenda London tarehe 22 Januari 1970. Hata hivyo fikra ya sebule angani ilikuwa na umri wa miaka 20 na ushei: Boeing 377 Stratocruiser, ndege ya mapanga ambayo Pan Am iliitumia kuanzia 1949, nayo ilikuwa na sebule na ngazi ya kuzunguka. Tofauti ni kwamba ya 377 ilikuwa chini, tumboni mwa ndege. Ulishuka kwenda kunywa.

Mwanafunzi, Malindi: *Je, mtu aliweza kukata tiketi ya kukaa huko juu safari nzima?*

Mwanzoni hapana. Wakati wa kuruka na kutua kila abiria alikaa kwenye kiti chake cha chini, amefunga mkanda. Taa ya mkanda ikizimwa ndipo walipopanda.

Sheria za usalama zinadai watu wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Ngazi moja nyembamba inayozunguka haiwezi kuwashusha watu wengi kwa muda huo, tena gizani, tena wenye hofu. Na kochi linalotazama ubavuni halimshiki mtu kama kiti kinachotazama mbele. Baadaye mashirika yalipata ruhusa ya kuweka abiria wachache juu hata wakati wa kuruka, baada ya kutimiza masharti ya mlango wa dharura na vifaa vingine.

Shika jambo moja hapo, kwa sababu litatusaidia mbele: kila aliyekaa kwenye kochi la juu alikuwa na kiti chake cha chini kilichobaki kitupu. Mtu mmoja, nafasi mbili, nauli moja.

Ni nani aliruhusiwa kupanda? Kwa kawaida ni wa daraja la kwanza. Qantas wa Australia waliipamba yao kwa mambo ya baharini na kuiita Captain Cook. Air India walipopokea 747 zao kuanzia 1971 waliziita kasri la angani, na kwa nje wakachora matao ya Kihindi kuzunguka kila dirisha. Pan Am waliigeuza sebule kuwa chumba cha chakula, meza zikitandikwa vitambaa. Wa daraja la kawaida nao hawakusahaulika kabisa: American Airlines waliwawekea sebule yao nyuma ya 747, kwenye sakafu ileile ya chini. Sebule hiyo ilikuwa hata na kinanda, na tutakifikia.

Fundi seremala, Lamu: *Mwenye nyumba moja ya wageni ameiona ile picha, sasa anataka ngazi ya kuzunguka kama ile, kutoka sebule ya chini hadi kwenye paa atakapoweka viti na vinywaji. Sakafu hadi sakafu ni mita 3 na sentimita 20. Nianzie wapi?*

Anzia kwenye boriti, fundi, ngazi itafuata. Ngazi ya kipenyo cha sentimita 160 inataka tundu la 170, ili vidole vya anayeshika reli visisagwe ukingoni. Katika nyumba ya mawe iliyoezekwa boriti za mikoko, tundu hilo litakata boriti kadhaa, na juu yake kuna mawe na chokaa vyenye uzito mkubwa. Boriti iliyokatwa lazima ipokewe na mbao nzito ya kukingama, nayo ile mbao ibebwe pande zote mbili na boriti nzima zilizoongezwa mwenzake. Kama nyumba ina kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, simamisha ngazi humo na usitoboe chochote. Na kama iko ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ruhusa itangulie nyundo.

Sasa hesabu. Urefu wa 320 ukiugawa kwa 20 unapata hatua 16 za sentimita 20. Hatua ya mwisho ni kukanyaga paa lenyewe, kwa hiyo utachonga vidato 15. Kila kidato kikate pembe ya digrii 30: vidato 12 vinakamilisha duara, na vyote 15 ni duara moja na robo. Nguzo ya katikati iwe bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 10. Kidato kitakuwa na upana wa sentimita 42 ukingoni na kama 2.6 tu kwenye nguzo. Mtu hatembei huko kwenye nguzo. Mguu wake unapita kama sentimita 53 kutoka katikati, na hapo atapata upana wa sentimita 28, unaotosha kiatu. Ukipunguza kipenyo hadi 120 ili kuokoa nafasi, wayo utaning'inia, hasa wakati wa kushuka.

Mafundi wengi hukosea penye kichwa. Anayezunguka duara zima amepanda sentimita 240, toa unene wa kidato 5, anabakiwa na 235 juu yake, hapo salama. Tatizo ni kile kipande cha juu cha kutulia kabla ya kuingia paani. Ukikifanya robo duara chenye unene wa sentimita 15, kitafunika kidato cha 4, cha 5 na cha 6. Kidato cha 6 kiko kimo cha sentimita 120. Chukua 320, toa 15, toa 120: zinabaki 185. Mgeni mrefu atajigonga, na atajigonga akiwa na glasi mkononi. Kata kipande hicho kiwe digrii 60 tu. Kitafunika cha 4 na cha 5, na aliye kwenye cha 5 atapata sentimita 205.

Kosa la pili ni dogo lakini hujilimbikiza. Kama unatenganisha vidato kwa vipande vya bomba la nje vya sentimita 15, juu ya mbao ya 5, pima kila kipande kwa makini. Milimita 3 zikizidi kila mahali, ukifika hatua ya 16 umepotea kwa karibu sentimita 5, na hatua ya mwisho itakuwa fupi kuliko nyingine. Mguu umeshazoea 20. Ukikutana na 15, mtu anajikwaa. Panga vyote vikavu kwanza, pima kutoka juu, ndipo ufunge.

Mbao: mbambakofi au msaji, unene sentimita 5, iliyokauka vizuri. Bolti ziwe za stenles. Za chuma cha kawaida zitakula mbao na mbao itazila, na hewa ya bahari itamaliza kazi. Bomba la zinki ukilichomelea, zinki inaungua pale pale na moshi wake ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi hiyo nje, kisha paka rangi ya zinki juu ya kovu. Toboa tundu dogo chini ya bomba ili maji ya unyevunyevu yasitulie ndani. Msingi wa zege wa sentimita 60 kwa 60, kina 40. Reli iwe kimo cha sentimita 90 hadi 100, na mianya ya nguzo ndogo isifike sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba, weka mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 kwenye ncha ya kila kidato. Kikilia au kikilegea, kifungue upya.

Kwa nini ndege ilitumia ngazi ya namna hii? Kwa sababu hiyohiyo ya nafasi. Duara la sentimita 160 linakula mita 2 za mraba. Ngazi ya kunyooka ya kimo hichohicho, yenye vidato vya sentimita 25 na upana wa 90, ingekula karibu mita 3 na nusu. Lakini ubaya wake pia ni uleule: troli haipandi, na mhudumu mwenye sinia hana mkono wa kushika reli. Mshauri mwenye nyumba afunge kapi na kikapu pembeni kwa ajili ya glasi na barafu. Akikataa, angalau asimpandishe mhudumu na chupa za moto.

Mpishi wa shughuli, Lamu: *Chakula kizuri namna ile kilipikwa wapi? Na ni kweli ladha inapotea angani?*

Mama, kwenye 747 majiko yalikuwa kwenye sakafu ya abiria. Ndugu zake wawili waliofuata, DC-10 iliyoanza kazi Agosti 1971 na Lockheed TriStar iliyoanza Aprili 1972, walikuwa na jiko chini ya sakafu, karibu na mizigo, na lifti ndogo za kupandisha troli na wahudumu. Lifti hizo zilihitaji uangalifu: mwaka 1981 mhudumu mmoja alipoteza maisha ndani ya lifti ya DC-10 iliyokuwa ikitoka Baltimore kwenda London.

Kupika hasa hakukuwepo. Nyama ilichomwa ardhini ikabakishwa mbichi kidogo katikati, ikapozwa haraka, ikahifadhiwa chini ya nyuzi 5, kisha ikamalizikia kwenye oveni ya ndege. Mbele ya abiria mhudumu alikata vipande kama amepika yeye.

Ladha ndiyo, inapungua. Hewa ya ndani ya ndege inagandamizwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na ni kavu sana. Pua ikikauka harufu haifiki, na bila harufu chumvi na sukari hufifia. Kwa hiyo mchuzi wenye nazi, tangawizi, ndimu na pilipili husimama angani vizuri zaidi kuliko samaki wa chumvi peke yake.

Na chai. Kwenye mgandamizo wa mita 2,400 maji yanachemka kwa nyuzi 92 hivi. Majani hayatoi rangi sawasawa, na iliki ndiyo kabisa. Ukitaka chai ya maana, ichemshe ardhini na viungo vyake, uitie kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Soda nayo ifungue polepole: hewa ya nje ikipungua nguvu, gesi inatoka kwa fujo, na glasi inajaa povu kabla ya kinywaji.

Mpiga kinanda wa taarab, Malindi: *Kinanda cha nyuzi ndani ya ndege? Kilibaki kwenye sauti yake?*

Hakikuwa cha nyuzi. American waliweka kinanda cha umeme cha Wurlitzer mwaka 1971. Unajua mwenyewe kinanda cha nyuzi kinavyofanya kikihamishwa kutoka pwani kwenda bara: ubao wa sauti unapoteza unyevu, unasinyaa, nyuzi zinalegea. Ndani ya ndege unyevu hushuka chini ya asilimia 20 kwa saa chache, kisha ndege inatua mji wa joto na unyevu unarudi. Ungehitaji fundi wa kukaza nyuzi kila safari.

Halafu uzito. Kinanda cha kusimama cha nyuzi kinapita kilo 200 kwa urahisi. Kitu chochote kilichofungwa kwenye chumba cha abiria lazima kishikilie kikisukumwa mbele kwa nguvu ya mara 9 ya uzito wake, endapo ndege itatua vibaya. Kilo 200 zinageuka kuwa 1,800 zinazotaka kuruka kuelekea vichwa vya watu. Cha umeme, kilicho chepesi, kinafungwa kwenye reli za sakafuni zilezile zinazoshika viti. Spika unaweka popote.

Tunakisia swali lako la pili: kelele. Sauti ya chumba cha ndege imejaa mngurumo wa chini, kwa hiyo besi inamezwa na mkono wa kulia ndio unaosikika. Taarab ingefaa.

Mfanyabiashara, Malindi: *Kama raha ilikuwa nyingi hivyo, kwa nini zikaondolewa? Watu husema mafuta yalipanda bei. Ndiyo sababu yote?*

Mafuta ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na kwa nini ziliwekwa. Mashirika yaliagiza ndege hizi kubwa katikati ya miaka ya 1960, biashara ikikua haraka. Zilipofika, 1970 na 1971, uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora. Ndege ya viti zaidi ya 350 iliruka na safu nzima tupu. Na nauli haikuweza kushushwa kuvutia watu, kwa sababu ndani ya Marekani serikali ndiyo iliyoidhinisha bei. Tiketi ya kampuni hii na ya ile zilikuwa sawasawa. Ukiwa muuza duka huruhusiwi kupunguza bei, utafanya nini? Utaweka benchi kivulini, kahawa na redio. Kung'oa viti visivyo na watu na kuweka makochi hakukuwapotezea chochote. Mmoja akiweka baa, mwenzake anaweka kinanda. PSA, shirika la ndege la California, kwenye TriStar zake za 1974, ilifikia kuweka sebule tumboni mwa ndege kwa safari fupi kama Los Angeles hadi San Francisco, ambapo hata kiti hakijapata joto mnaanza kushuka. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa pupa ya ushindani tu.

Kisha Oktoba 1973 mgogoro wa mafuta ukaanza. Pipa lililokuwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 Januari 1974. Lakini pima uzito wa sebule yenyewe. Kanuni ya mkono ni kwamba kila kilo 100 za ziada zinakula kilo 3 hadi 4 za mafuta kwa saa. Tuseme makochi, baa na meza vina kilo 500 na safari ni saa 8: hiyo ni kilo 120 hadi 160 za mafuta. Ndege yenyewe inatumia zaidi ya tani 10 kila saa. Makochi hayakuwa mzigo mkubwa.

Kilichokuwa kikubwa ni nauli isiyopatikana. Mafuta yakipanda, safari inahitaji abiria wengi zaidi ili ilipe, na shirika linapunguza idadi ya safari ili zile chache zijae. Ndege ikijaa, kila mita ya sakafu ina mteja anayeisubiri. Fanya hesabu ya mfano: sebule iliyochukua nafasi ya viti 16, safari 2 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ni tiketi 9,600 ambazo hazikuuzwa, kwa ndege moja. Sasa rudi kwenye jibu tulilompa mwanafunzi: mtu mmoja, nafasi mbili, nauli moja. Ilikuwa sawa viti vikiwa vitupu. Vilipopata wateja haikuwa sawa tena, hata mafuta yangekuwa ya bure.

Viti navyo vilisogezwa. 747 za mwanzo daraja la kawaida zilikuwa na viti 9 kwa safu, 3, 4 na 2. Wakaongeza kimoja, ikawa 3, 4, 3 kama ilivyo kawaida hadi leo. Oktoba 1978 Marekani ikapitisha sheria ya kuacha mashirika yapange nauli yenyewe, na kuanzia hapo wakashindana kwa bei. Ghorofa ya juu ikapangwa viti vya kuuza. Boeing ikaona biashara hiyo, ikairefusha: 747-300, ambayo Swissair ilikuwa ya kwanza kuipokea mwaka 1983, ina ghorofa iliyoongezwa zaidi ya mita 7, milango ya dharura pande zote mbili, na ngazi iliyonyooka. Ile ya kuzunguka ikaisha kazi.

Sebule hazikufa kabisa. Airbus A380 za Emirates, tangu 2008, zina baa ya nusu duara nyuma ya ghorofa ya juu. Ila ni ya daraja la kwanza na la biashara. Aliyelipa nauli ya kawaida haendi huko, wala hajawekewa kinanda.

Dereva wa teksi, Malindi: *Ndege hizi za mwanzo zilifika Kenya?*

Nairobi zilifika, na kwa huzuni Nairobi iko kwenye historia yake. Tarehe 20 Novemba 1974, 747 ya Lufthansa iliyokuwa ikiendelea Johannesburg ilianguka mara baada ya kuruka Embakasi. Kati ya watu 157, walifariki 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 yenye vifo. Vibamba vya mbele ya mabawa, vinavyosaidia ndege kunyanyuka kwa mwendo mdogo, havikuwa vimetoka, kwa sababu vinasukumwa na hewa kutoka kwenye injini na vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Embakasi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi haisamehe kosa la namna hiyo. Baadaye 747 ziliwekewa onyo la kuwaarifu marubani vibamba vikiwa havijatoka.

Malindi na Manda, uwanja wa ndege wa Lamu? Hapana. 747 iliyojaa inahitaji njia ya kurukia ya kama kilomita 3. Wageni wenu walishukia Nairobi au Mombasa, wakamalizia kwa ndege ndogo au kwa barabara.

Muuza vitu vya kale, Lamu: *Nina kadi za posta tatu za 747. Nitajuaje ipi ni ya wakati wa sebule?*

Hesabu madirisha ya ghorofa, ubavu mmoja. Matatu: ni umbo la mwanzo, na uwezekano wa sebule ni mkubwa. Kumi au karibu na hapo, kwenye mgongo mfupi: hapo pamepangwa viti, ingawa baadhi ya ndege za zamani zilitobolewa madirisha zaidi baadaye, kwa hiyo tazama pia tarehe ya stempu. Mgongo mrefu unaokaribia bawa ni 747-300 au iliyoifuata. Usimwambie mnunuzi kwamba ilikuwa na ngazi ya kuzunguka. Na ukiona matao yamechorwa kuzunguka madirisha, hiyo ni Air India. Usiiuze kwa bei ya hizo nyingine mbili.